Wiki kumi ndani ya benki ya uwekezaji: mwanafunzi anapata nini, analipa nini

Kila mwaka, kati ya mwezi Juni na Agosti, katika miji ya London na New York hufanyika soko moja ambalo bei zake haziandikwi kwenye ubao wa soko lolote la hisa. Bidhaa yake ni vijana. Benki kubwa za uwekezaji huchukua wanafunzi wa vyuo vikuu waliobakiza mwaka mmoja kumaliza shahada, huwaweka kazini kwa wiki nane hadi kumi, na mwishoni huamua nani apewe barua ya ajira na nani aagwe kwa kushikwa mkono.

Wengi huyaita mafunzo kwa vitendo, na jina hilo si la uongo. Lakini mwanafunzi anayeingia akidhani anakwenda kufundishwa tu, atashangaa. Ukweli ni kwamba hayo ni mahojiano ya kazi yanayochukua wiki kumi badala ya saa moja. Benki inanunua kwa bei nafuu haki ya kumtazama kijana kwa karibu kabla ya kumwajiri. Kijana naye anauza muda wake, usingizi wake na likizo yake yote, akitumaini kununua kazi. Wiki hii ukurasa huu unaeleza jinsi biashara hiyo inavyokwenda, ili mwanafunzi anayeitamani, na mzazi anayemsomesha, waipime kwa hesabu badala ya kuipima kwa sifa za suti na majengo marefu.

BENKI YA UWEKEZAJI NI IPI?

Benki tuliyoizoea mitaani hupokea akiba za watu na kukopesha. Benki ya uwekezaji haina dirisha la kuweka akiba. Kazi yake ya asili ni kusimama kati ya wanaotafuta mtaji na wenye mtaji. Kampuni ikitaka kuuza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza, benki hii ndiyo inayopanga bei, kuandaa waraka wa matarajio na kutafuta wanunuzi. Serikali au kampuni ikitaka kukopa kwa hatifungani, ni hivyo hivyo. Kampuni ikitaka kuinunua nyingine au kuungana nayo, benki hutoa ushauri na kudai ada. Upande wa pili wa jengo wako wanaonunua na kuuza hisa, hatifungani na fedha za kigeni kwa niaba ya wateja wakubwa.

Huko Marekani aina hizi mbili za benki zilitenganishwa na sheria ya mwaka 1933, ijulikanayo kwa majina ya Glass na Steagall, baada ya anguko la soko la mwaka 1929 na mabenki mengi kufungwa. Nyumba ya J.P. Morgan ikachagua kubaki benki ya biashara, na baadhi ya watu wake wakatoka mwaka 1935 kuanzisha Morgan Stanley. Ukuta huo uliondolewa rasmi mwaka 1999. Leo benki nyingi kubwa zina pande zote mbili chini ya paa moja.

Ada zake ndizo zinazoeleza kwa nini kazi hiyo inavutia. Uchunguzi wa Hsuan-Chi Chen na Jay Ritter, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1995 na 1998 zaidi ya asilimia 90 ya kampuni za Marekani zilizouza hisa za mwanzo za kati ya dola milioni 20 na milioni 80 zilitozwa asilimia 7 kamili. Maana yake, kampuni iliyokusanya dola milioni 50 iliacha dola milioni 3.5 mikononi mwa mabenki yaliyoiuzia hisa.

Kwetu pia kazi hii ipo, ingawa soko ni dogo. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Kwa Tanzania, mwaka 2017 Vodacom iliuza hisa 560,000,100 kwa shilingi 850, zenye thamani ya shilingi bilioni 476, kwa kutii sheria iliyozitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 kwa umma. Nyuma ya bei kama hizo huwa kuna watu waliokaa mbele ya kompyuta wakikokotoa. Hisa za Safaricom zilianza kwa kupanda, lakini kabla mwaka 2008 haujaisha zilikuwa chini ya shilingi 5, na walionunua kwa fedha za mkopo waliumia. Hivyo kazi ya kukokotoa bei si mchezo wa wakubwa peke yao. Humfikia hata mwalimu na mama muuza duka aliyeweka akiba yake humo.

MLANGO NI MWEMBAMBA

Njia ya kuingia huanza mapema. Huko Uingereza benki nyingi huwa na wiki moja ya utambulisho wakati wa masika kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walioonekana wazuri hurudishwa mwaka unaofuata kwa mafunzo ya kiangazi, na wanaofaulu huko hupewa ajira. Kwa hiyo mwanafunzi anayeanza kuuliza habari za kazi akiwa mwaka wa mwisho mara nyingi huwa amechelewa. Viti vingi huwa vimekaliwa na wale wa kiangazi kilichopita.

Ushindani wake ni mkali. Kwa mafunzo ya mwaka 2024 benki ya Goldman Sachs ilipokea maombi zaidi ya 300,000 kutoka duniani kote, na waliochukuliwa hawakufika mmoja kwa kila mia. Benki huchuja kwanza kwa fomu, halafu kwa majaribio ya hesabu kwenye kompyuta, kisha kwa mahojiano. Maswali ya kiufundi hujirudia: taarifa tatu za hesabu za kampuni zinaunganikaje? Uchakavu wa mashine ukiongezeka kwa milioni 10, faida, kodi na fedha taslimu vinabadilika vipi? Kampuni inapimwaje thamani? Haya yote mwanafunzi wa uhasibu wa Mzumbe, Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuyajua. Hayafichwi. Kinachomtofautisha na mwenzake wa London mara nyingi ni kwamba mwenzake ameambiwa mapema kuwa ataulizwa.

NGAZI NA KAZI

Siku za mwanzo huwa za darasa: hesabu, programu ya Excel, kanuni za maadili na sheria. Baada ya hapo mwanafunzi anapewa meza katika kundi fulani, na hapo ngazi inaonekana wazi. Juu yuko mkurugenzi anayeleta wateja. Chini yake wako wenye cheo cha makamu wa rais. Jina hilo lisimtishe msomaji, kwani katika benki hizo ni cheo cha kati, na wenye cheo hicho ni wengi mno. Hao ndio wanaosimamia kazi ya kila siku. Chini yao wako washiriki, na chini ya washiriki wachambuzi, vijana waliomaliza chuo mwaka mmoja au miwili iliyopita. Mwanafunzi yuko chini ya mchambuzi.

Kazi hutiririka kutoka juu kwenda chini, na maji yote hufika kwa yule wa mwisho. Anatafuta hesabu za miaka mitano za kampuni kumi zinazofanana na ya mteja. Anazipanga kwenye jedwali. Anachora grafu. Anaandaa kurasa za kitabu cha kumshawishi mteja: kampuni yako ina thamani hii, washindani wako ni hawa, wanaoweza kukununua ni wale. Kitabu kama hicho kinaweza kuwa na kurasa 60, na mteja akasoma 6. Lakini hakuna ajuaye mapema ni zipi 6, na kwa sababu hiyo zote 60 ni lazima ziwe safi.

Anayepangiwa upande wa soko hukutana na maisha mengine. Soko la hisa la London hufunguliwa saa 2 asubuhi, hivyo watu wake huwa mezani kabla ya saa 1. Mwanafunzi huandika muhtasari wa habari za usiku, husikiliza mikutano ya asubuhi, na hukaa pembeni ya wafanyabiashara akitazama. Kuuza au kununua kwa fedha za benki haruhusiwi. Siku yake huanza mapema zaidi, lakini soko likifungwa naye hupata nafasi ya kupumua. Mwenzake wa upande wa ushauri hana kengele ya kufunga.

KOSA LA TARAKIMU MOJA

Kinachopimwa katika wiki hizo si akili peke yake. Walioingia wote wana akili, kwa kuwa mchujo umekwisha kufanya kazi hiyo. Kinachopimwa ni kama namba iliyotoka kwa kijana huyu inaweza kuaminiwa bila mtu mwingine kuirudia. Mfano mdogo wa kubuni utaeleza.

Tuseme mteja ana kiwanda cha biskuti. Faida yake kwa mwaka, kabla ya riba, kodi na uchakavu, ni pauni milioni 20. Mwanafunzi ametafuta na kuona kwamba viwanda vinavyofanana nacho vimeuzwa kwa wastani wa mara 8 ya faida ya namna hiyo. Thamani ya kiwanda kizima basi ni milioni 160. Kiwanda kina deni la milioni 40 na fedha taslimu milioni 10. Ukitoa deni na kuongeza taslimu, mali ya wenye hisa ni milioni 130. Hisa ziko milioni 50. Kwa hiyo kila hisa ni pauni 2.60.

Sasa tuseme ni saa 8 usiku, na kidole kimeruka sifuri moja: deni limeandikwa milioni 4 badala ya 40. Kompyuta haitalalamika. Itatoa milioni 166 kwa wenye hisa, yaani pauni 3.32 kwa kila hisa. Tofauti ni senti 72 kwa hisa, au pauni milioni 36 kwa kiwanda chote. Ukurasa unaonekana vile vile, rangi ni zile zile, na jedwali limenyooka. Mkurugenzi akiusoma mbele ya mwenye kiwanda, huyo mzee anayelijua deni lake kuliko mtu yeyote atauliza swali moja tu, na mkutano utakuwa umekwisha.

Hii ndiyo sababu wanafunzi hushangaa kuona mchambuzi anagombana nao kwa nukta iliyokosewa au mwaka ulioandikwa vibaya chini ya grafu. Wanadhani ni ukali wa bure. Mchambuzi hufikiri hivi: kama nukta imempita, je, sifuri haitampita? Mwanafunzi anayefika mbali ni yule anayechapisha ukurasa kwenye karatasi, akachukua kalamu na kuweka alama kwenye kila namba baada ya kuilinganisha na taarifa ya hesabu iliyotoka. Akiona pengo, anasema mapema. Kuuliza si ujinga, na katika kazi hii kuuliza saa 4 usiku ni nafuu kuliko kugunduliwa saa 4 asubuhi.

KWA NINI KAZI NI YA USIKU?

Watu wa nje hudhani saa nyingi zinatokana na wingi wa kazi. Kwa sehemu ni kweli. Lakini sehemu kubwa ni kusubiri. Mkurugenzi hushinda mchana kwa wateja au ndani ya ndege. Jioni anarudi, anapitia kurasa na kuandika masahihisho. Makamu wake anayapokea saa 2 usiku na kuongeza yake, na yanamfikia mchambuzi na mwanafunzi saa 3, wakati ofisi za kawaida zimefungwa. Mkutano ni saa 3 asubuhi. Kati ya hapo hakuna mwingine wa kufanya kazi ila wao.

Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kukaa mchana mzima akiwa na kazi ya saa tatu tu, kisha akapata ya saa saba kwa usiku mmoja. Juu ya hayo kuna jambo lisiloandikwa popote. Kila mmoja anatafuta barua ya ajira, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuvaa koti. Mtu anabaki mezani kwa sababu mwenzake amebaki, na mwenzake naye amebaki kwa sababu hiyo hiyo. Saa za namna hiyo hazimpi mteja faida yoyote, lakini mwilini zinahesabiwa kama nyingine.

TUPIGE HESABU YA MALIPO

Tofauti na mafunzo mengi ya vitendo, haya hulipwa. Kwa kawaida mwanafunzi hulipwa kwa kiwango cha mshahara wa mchambuzi wa mwaka wa kwanza, kikigawanywa kwa wiki alizofanya. Mwaka 2021 benki kadhaa za New York zilipandisha mshahara huo hadi dola 100,000, na baadhi 110,000 kwa mwaka, bila bonasi. Tuchukue 110,000. Kwa wiki 10 ni kama dola 21,150 kabla ya kodi. Ukizigeuza kwa shilingi yoyote ya Afrika Mashariki ni fedha ambazo mwanafunzi hajawahi kuzishika.

Lakini gawanya kwa saa. Angefanya kazi saa 40 kwa wiki, ingekuwa kama dola 53 kwa saa. Akifanya saa 80, zinabaki kama 26. Akifika 95, zinakuwa kama 22. Kima cha chini cha mshahara katika jiji la New York mwaka 2024 kilikuwa dola 16 kwa saa. Bado amepita kima hicho, lakini si kwa umbali ule unaodhaniwa na jirani aliyeona picha yake amevaa tai. Kutoka humo atalipa kodi ya chumba katika mmoja wa miji ghali duniani, na nguo za kazi.

Namba 95 hatukuitoa hewani. Mwezi Februari 2021 wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa Goldman Sachs walijikusanyia takwimu zao na kuwapelekea wakubwa wao. Zilisambaa magazetini mwezi uliofuata. Wastani wao ulikuwa saa 95 za kazi kwa wiki na saa 5 za usingizi kwa usiku. Hao ni vijana waliokwisha kuajiriwa, yaani ile kazi ambayo mwanafunzi anaiwania.

GHARAMA ISIYO KWENYE DAFTARI

Mwezi Agosti 2013, mwanafunzi Mjerumani wa miaka 21 alikutwa amekufa katika makazi yake mjini London, zikiwa zimebaki siku chache amalize mafunzo katika benki moja kubwa. Habari zilienea kwamba alikuwa amefanya kazi usiku kwa siku kadhaa mfululizo. Uchunguzi wa mahakama mwezi Novemba mwaka huo ulisema alikufa kwa kifafa. Uchovu ungeweza kuwa kichocheo, lakini haikuthibitika kwamba ndio uliokileta. Ni haki kuyasema yote mawili. Ni haki pia kusema kwamba baada ya kifo hicho mabenki hayakuweza tena kulinyamazia jambo hilo.

Mwezi Januari 2014 Bank of America iliwashauri vijana wake wa ngazi za chini wapumzike angalau siku nne za mwisho wa wiki kila mwezi. Mwaka 2015 Goldman Sachs iliwakataza wanafunzi wa kiangazi kubaki ofisini kati ya saa 6 usiku na saa 1 asubuhi. Mwaka 2024 JPMorgan ilitangaza kwamba kazi ya vijana isizidi saa 80 kwa wiki, isipokuwa wakati biashara ya mteja inapokaribia kufungwa.

Msomaji azipime hatua hizo kwa makini. Katazo linalosema ondoka saa 6 usiku na urudi saa 1 asubuhi bado linaruhusu saa 17 za kazi kwa siku. Kikomo cha saa 80 ni mara mbili ya wiki ya kawaida ya saa 40. Ni nafuu, lakini ni nafuu ya mtu aliyepunguziwa mzigo kutoka magunia matatu hadi mawili. Kijana mwenye ugonjwa wa kudumu, uwe kifafa, kisukari, pumu au selimundu, asione aibu kuitaarifu idara ya utumishi kabla ya siku ya kwanza. Benki zina utaratibu wa kupanga kazi kwa mtu kama huyo. Lisilo na utaratibu ni ugonjwa uliofichwa.

ULIMI NA SIRI

Liko jambo jingine ambalo mwanafunzi halijui mpaka afike. Siku ya pili ya kazi anaweza kujua kwamba kampuni fulani itanunuliwa kwa bei ya juu ya soko, habari ambayo wenye hisa elfu kadhaa wangeilipia. Ndani ya benki wanaoshauri wametenganishwa na wanaouza na kununua. Milango hufunguliwa kwa kadi tofauti, na mikataba hupewa majina ya bandia ili hata ndani ya lifti jina la mteja lisitajwe.

Huko Uingereza kununua hisa kwa siri ya ndani ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1993. Kwa Tanzania limekatazwa na Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994. Na sheria haimkamati anayenunua peke yake, humfikia hata aliyetoa siri. Mjomba anayeuliza kwa upendo mezani, "Haya mwanangu, tununue hisa gani?", anamweka mpwa wake mahali pa hatari bila kujua. Jibu sahihi ni fupi na halina utani.

BARUA YA MWISHO

Wiki ya tisa au ya kumi kila mwanafunzi huitwa chumbani. Uamuzi unatokana na maoni ya watu wote aliofanya nao kazi, na mara nyingi neno la mchambuzi aliyekaa naye usiku lina uzito kuliko la mkurugenzi aliyemwona mara mbili. Asiyepata barua hakuambiwa kwamba ni mjinga. Huenda kundi lilikuwa na viti viwili na wanafunzi watano.

Hata aliyepata ajue kwamba ameshika ahadi ya soko, na soko hugeuka. Lehman Brothers ilifilisika tarehe 15 Septemba 2008, wiki chache tu baada ya wanafunzi wa kiangazi kurudi vyuoni. Waliokuwa na barua zake walibaki na karatasi ya mwajiri aliyeanguka, na hatima yao ikawa mikononi mwa wanunuzi. Barclays ilichukua biashara ya Amerika Kaskazini, na Nomura ikachukua ya Asia na Ulaya. Kwa hiyo kijana mwenye barua asifunge vitabu. Shahada ndiyo dhamana isiyotegemea bei ya hisa.

KWA VIJANA WA HUKU

Si lazima safari ianzie London. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwezi Aprili 1998, na la Nairobi lipo tangu mwaka 1954. Kenya hutoa leseni maalumu kwa benki za uwekezaji. Tanzania ina madalali wa hisa na washauri wa uwekezaji wanaosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ina UTT AMIS inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na ina kampuni za ukaguzi wa hesabu. Mafunzo huko mara nyingi yana malipo madogo au nauli tu, lakini lile linalopimwa London, kuaminika kwa namba, linafundishika pia kwenye ofisi ya dalali yenye watu wanane. Tena huko mwanafunzi humwona mteja ana kwa ana, jambo ambalo mwenzake wa London anaweza kumaliza wiki kumi asilione.

Kwa anayejiandaa, ukurasa huu unashauri mambo manne. Kwanza, chukua taarifa ya hesabu ya mwaka ya kampuni moja iliyoorodheshwa, iwe ya bia, saruji au benki, na uisome mpaka uweze kumweleza mtu asiye mhasibu fedha zilitoka wapi na zilikwenda wapi. Pili, ikokotoe thamani yake kwa njia ya mfano wa kiwanda cha biskuti, halafu ulinganishe na bei ya sokoni na ujiulize kwa nini mmetofautiana. Tatu, omba mapema, katika mwaka wa kwanza au wa pili. Nne, kabla ya kutia saini, andika kwenye karatasi saa ulizo tayari kutoa, na afya usiyo tayari kuitoa. Mfanyabiashara asiyejua bei yake ya chini kabla ya kuingia sokoni hupangiwa na mnunuzi.

Benki itakuwa imefanya hesabu yake kabla kijana hajafika mlangoni. Inajua wiki kumi zitaigharimu kiasi gani na itavuna nini. Kijana naye aingie akiwa amefanya ya kwake.